Makato

Miaka kumi na tisa nilikaa kwenye kibanda cha mizani,
upande wa kuingilia malori ya miwa.
Lori linapanda limejaa, naandika.
Linakwenda kumwaga, linarudi tupu, naandika.
Toa dogo kwenye kubwa: hapo ndipo alipo mkulima.
Halafu yanakuja makato.
Kulimiwa. Mbegu. Mbolea. Kukatiwa. Kubebewa.
Nimeona mtu akipokea karatasi ya tani arobaini
na chini kabisa, kwa wino uleule,
anadaiwa shilingi mia mbili na sita.

Kwa hiyo Nekoye alipozitandaza barua mezani,
hapa Malava, taa ya sola ikififia,
sikusoma herufi kubwa. Nilianzia chini.

Ya kwanza ina nembo ya dhahabu.
Chuo kikuu, mji wa theluji miezi mitano.
Umeteuliwa, inasema, katika Programu ya Wasomi:
wanafunzi thelathini tu kutoka nje,
bweni lao peke yao, profesa wa kuwashika mkono,
safari ya utafiti mwaka wa tatu.
Mama yake aliisoma mara mbili kwa sauti,
akaifunika kwa kitambaa isirukiwe na mafuta.
Mimi na kalamu: karo, nusu wanalipa.
Bima, juu yetu.
Likizo ndefu bweni linafungwa, juu yetu.
Tikiti ya ndege haikutajwa,
na kisichotajwa ndicho kizito.
Alama zikishuka chini ya mstari waliouchora,
usomi unakwisha muhula huohuo.

Ya pili haina nembo ya maana.
Chuo kidogo. Hata Bwana Shitanda wa fizikia
alikitafuta kwenye ramani mpaka chai ikapoa.
Hawamwiti msomi. Hawamwiti chochote.
Karo yote, chakula, kitanda, bima,
na mstari mmoja ulionikaba koo:
fedha za koti la baridi.
Aliyeandika hivyo amewahi kumwona mtoto akitetemeka.

Nikapiga hesabu, nikazungushia duara. Hii.

Nekoye hakugusa karatasi.
Baba, alisema, kile kikubwa kina maabara ya maji.
Unakumbuka mto nyuma ya kiwanda, ulivyogeuka rangi ya molasi?

Nakumbuka. Nilivuka darajani kila alfajiri
pua nimeibana kwa kola ya shati.

Sasa niseme jambo lisilo na safu.
Mizani ile niliyoilinda ilikuwa na kilo zake za siri.
Msimamizi alikuja na bisibisi kabla ya msimu,
akaniambia nitazame dirishani.
Nikatazama dirishani.
Kila lori likaacha kidogo. Si wizi, alisema, ni unyevu.
Mama Nabwire alisimama mbele ya kibanda na nakala zake tatu:
"Karani, miwa yangu hupungua ikikuona?"
Nikapiga muhuri.
Karo ya Nekoye ya darasa la nne
ilitoka kwenye marupurupu ya msimu ule.
Hajui. Au anajua;
naye ni mtu wa kusoma kuanzia chini.

"Wewe," akaniambia, "ulipima lori likiingia limejaa
na likitoka tupu.
Mimi naingia tupu, Baba.
Nipime nikitoka."

Nikatafuta kifutio. Duara lilikuwa la wino.

Wanataka jibu kabla ya mosi Mei. Leo ishirini na saba.
Asubuhi nilimpitia Shikuku, mnunuzi wa mifugo,
nikamwonyesha ng'ombe wetu mwekundu.
Akamzunguka mara moja, mikono mifukoni,
bila mizani, akataja kilo.
Hakukosea kwa mbali.
Nikamwambia naulizia tu.